Kikohozi Mlangoni

Mvua ya Tukuyu haina adabu, lakini inafua. Kuanzia Novemba mpaka Mei inapiga mabati, inapiga migomba, inapiga wanakwaya wakitoka kanisani na sare nyeupe, na hewa inabaki safi kama imetolewa dukani leo asubuhi. Tabu huanza ikikatika. Juni ikiingia, baridi inakaa mtaa wa Ibighi kama mgeni asiyejua kuaga. Majiko yanawashwa mapema, kila nyumba inafuka chini ya bati, na moshi, ukiwa umekosa mvua ya kuushusha na upepo wa kuubeba, unatafuta pa kulala. Unalala kwa Tupokigwe.

Tupokigwe ni fundi cherehani. Anashona sare za shule Mbeya mjini. Anaondoka Tukuyu majogoo, anarudi jua likizama, sawa na watu wengi wa mji huu ambao ukiwauliza wanaishi wapi wanakutajia Tukuyu, na ukiwapigia simu uwaulize wako wapi wanakutajia Mbeya. Safari hiyo aliirithi kwa mumewe. Abrahamu alikuwa mtunza stoo kwenye duka moja la pembejeo huko huko, mpaka Julai ya mwaka juzi alipokufa kwa kifua. Amezikwa nyumbani, pembeni ya mlango, kati ya migomba, chini ya vigae vya bluu alivyokuwa amevinunua mwenyewe kwa ajili ya choo. Vilikuwa vimebaki vingi, na msiba haungoji mtu achague rangi.

Jioni gari likipita Isongole, kule juu kwenye viazi na baridi ya kukata masikio, mbingu inakuwa wazi kabisa na mlima Rungwe umesimama kama umechorwa. Hapo Tupokigwe huvuta pumzi ndefu, kama mtu anayejaza dumu kabla maji hayajakatika. Kisha gari linateremka, na huko chini, kila bonde limeshajazwa kitu cheupe.

Akishuka kituoni anatembea mpaka ukingo wa mteremko, pale Jotham jirani yake anapofyatulia matofali, na anatafuta bati la nyumba yake. Kipindi cha mvua analiona, limekaa chini kama sahani. Kipindi cha baridi halioni. Anashuka kwa kukariri njia, ukingo wa kitenge puani, na akikaribia mlango anakisikia.

Mara mbili. Kimya. Mara moja.

Ndivyo alivyokohoa Abrahamu miaka yote ya ndoa yao. Hakuwa mtu wa kupiga hodi nyumbani kwake. Alirudi gizani, akasimama mlangoni, akakohoa hivyo, na mkewe akaenda kuvuta komeo. Mwaka jana, kipupwe cha kwanza baada ya kumzika, kile kikohozi kikarudi. Kilitokea upande wa kaburi, jua linapozama, siku za moshi mzito. Mvua za Novemba zilipoanza, kikanyamaza. Watu wengine wanasumbuliwa na marehemu mwaka mzima. Wa kwake alikuwa na msimu.

Hakumwambia mtu. Mwimbaji wa sauti ya kwanza kwaya ya Wamoraviani anaanzaje kumwambia mtu jambo kama hilo? Angelibeba mpaka mwisho, kama mwaka huu, wiki ya pili ya Juni, mwanawe Debora hangeanza kukohoa. Mtoto wa miaka tisa, mwenye sauti nyembamba ya kuku mchanga, alikohoa mara mbili, akanyamaza, akakohoa mara moja. Tupokigwe alikuwa anakoroga uji. Mwiko ulimponyoka, na uji ukaungua hivyo hivyo anautazama.

Lile bonde lenyewe si la kuandikwa kwenye ramani. Ni kishimo tu kati ya migongo miwili ya ardhi, kijito chini, migomba pembeni. Mchana jua linapasha miteremko, hewa inapanda na moshi wake. Jua likishajificha, baridi inateremka kutoka mlimani, nzito, polepole, inapita njia ile ile ambayo maji hupita, na kila jiko inalokutana nalo linaipa moshi wake iende nao. Ikifika kishimoni haina pa kwenda. Inajaa kama maziwa kwenye bakuli, na nyumba ya Abrahamu ndiyo iliyo chini ya bakuli.

Alikinunua kiwanja hicho mwezi wa Machi, mvua ikimwagika. Alisimama pale na mwavuli, akaona kijani kila upande, akaona upepo haufiki, akasema, "Hapa ni shwari." Hakukosea. Mpaka leo ni shwari, na yeye yupo hapo hapo kuthibitisha.

Wa kumwonya walikuwepo, ila hawakuwa wanazungumza naye. Abrahamu alikuwa na kosa moja tu, lakini kwa Ibighi hilo moja linatosha: hakuwa mtu wa misiba. Mchango wake ulifika, yeye hakufika. Wenzake walichimba kaburi na kulala matangani kuzunguka moto. Yeye alikuwa Mbeya anahesabu mifuko ya mbolea. Watu walinyamaza. Na kunyamaza kwa watu wa huku kuna sauti yake.

Wazee wana jina la kinachomfuata mtu wa namna hiyo. Wanaita embepo sya bandu, pumzi ya watu. Majirani wakimkasirikia mtu wakanung'unika, hata kama wanamenya ndizi zao jikoni na hawajamtaja jina, pumzi yao inatoka, na baridi yake inakwenda kumkalia mtu yule kifuani. Hakuna mganga hapo wala tunguri. Ni watu tu, midomo yao, na hasira ambayo wana haki nayo.

Tupokigwe aliyasikia hayo akiwa mdogo, akayaacha pale pale alipoacha kuogopa giza. Maana yake, hakuyaacha. Na sasa yeye ndiye anayepanda gari la majogoo. Mwaka huu pekee misiba mingapi imempita akiwa ameinamia cherehani?

Jioni moja aliwakuta ukingoni wawili: Jotham, mikono imejaa udongo, anapanga tanuri, na Mama Anosisye, mjane mzee ambaye nyumba yake iko hapo juu kwenye mgongo wa ardhi, na mzigo wa kuni kichwani.

"Mugonile, mama," Tupokigwe akasalimia.

"Ndaga, mwali. Umeludi na Mbeya yako?"

"Nimeiacha huko huko, mama."

"Shemeji," Jotham akadakia, "huyo mtoto wako anakohoa mpaka matofali yangu yanapata nyufa."

"Yakipata nyufa ni udongo wako, shemeji, usimsingizie mtoto."

Jotham akacheka. Mama Anosisye hakucheka. Aliinua sikio kuelekea bondeni, ambako hakukuonekana kitu ila weupe, na kutoka ndani ya ule weupe kikaja kikohozi. Mara mbili. Kimya. Mara moja.

"Hicho nakijua," alisema taratibu. "Hicho ni cha Abulahamu."

Akarekebisha kuni zake, akaondoka. Tupokigwe alibaki amesimama kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Hata kama yule mama hakuwa na maana yoyote, maneno yalishatoka.

Kesho yake hakwenda kazini. Alimpeleka Debora hospitali, na daktari kijana mwenye haraka akaweka kile kipimo chake kifuani, akasikiliza mbele na nyuma, akasema ni pumu. Akaandika dawa ya kuvuta kwa mdomo.

"Mnaishi wapi?"

"Ibighi, bondeni."

"Ahaa. Mama, msimu huu moshi unajaa huko. Moshi ndio unamwasha. Jitahidi usiingie ndani."

Usiingie ndani. Alirudi nyumbani na maneno hayo mawili kama mtu aliyepewa ruhusa. Daktari alisema moshi, Mama Anosisye alisema kitu kingine, lakini dawa yao wote ilionekana kuwa moja: kufunga nyumba.

Jumamosi akafunga. Nyumba za huku huachwa matundu ya hewa juu ya madirisha; akayaziba kwa viroba vya mbolea alivyoviacha marehemu. Akapigilia nailoni kwenye madirisha, akasokota kitenge kikuukuu akakipachika chini ya mlango, na palipobaki ufa akapaka udongo kwa kidole. Alifanya kazi kwa bidii ya kutisha, kama anashona sanda.

"Mama," Debora aliuliza, "tunamkimbia nani?"

"Baridi."

"Baridi inatujua?"

"Nipe kile kiroba, na uache maswali ya kizee."

Jumapili walitoka kanisani wakakuta ukungu umeshuka mchana kweupe. Ni ule ukungu wenye manyunyu unaolowesha bila kunyesha; kutoka dirishani kaburi halikuonekana, na saa tisa ilikuwa kama jioni. Debora alikuwa anatetemeka. Tupokigwe aliwasha jiko la mkaa nje, akalipepea mpaka mkaa wote ukashika, mwekundu, safi, bila hata uzi wa moshi. Akalikagua. Moshi hakuna. Basi hili si adui. Akaliingiza ndani, akafunga mlango, akapachika kitenge mahali pake.

Na kwa mara ya kwanza tangu Juni ianze, nyumba ikawa kimya.

Debora hakukohoa. Nje hakukohoa mtu. Tupokigwe alikaa kwenye mkeka, mtoto amemlalia mapajani, joto linawapanda kama blanketi, na akafikiri: nimewaweza. Wote wa huko juu, na midomo yao, nimewafungia nje. Alitaka kushona kifungo cha sare ya Debora lakini tundu la sindano likawa mawili, kisha manne. Kichwa kikaanza kugonga. Alijiambia ni uchovu wa safari za wiki nzima, zimekuja kudai chao. Mtoto alikuwa amelala vizuri sana, mzito, mashavu mekundu. Mbona mzito hivi? Alitaka kumsogeza, na mkono ukachelewa kumtii. Hilo nalo halikumtisha. Hakuna kilichomtisha. Usingizi ulikuwa mtamu, na kila kitu ndani ya nyumba ile kilikuwa kinamwambia lala.

Ndipo kikaja, mlangoni kabisa. Mara mbili. Kimya. Mara moja.

Baadaye alipoulizwa alisema hakuogopa. Alisahau tu kwamba mumewe amekufa. Aliona haya kwamba amechelewa kumfungulia, na nje kuna baridi, na mtu ametoka safari. Miguu ilikataa, akaenda kwa magoti. Akang'oa kitenge. Akavuta komeo. Mlango wa bati ukafunguka wote na kugonga ukuta kwa kishindo, na Tupokigwe akaangukia kizingitini, uso nje, miguu ndani.

Huko juu, Jotham alikuwa anafunika tanuri lake na majani ya migomba. Alisikia kishindo. Akaita, "Mama Debora!" Akaita tena. Hakujibiwa. Jotham ni mtu wa mizaha na uvivu wake unafahamika mpaka Mpuguso, lakini siku hiyo aliteremka ule utelezi akikaa chini zaidi ya alivyokuwa amesimama. Alimvuka yule mwanamke, akaingia, hewa ya mle ndani ikamshika kooni, akatoka na mtoto begani, ananing'inia kama shuka lililofuliwa. Nje kulikuwa na matope kila mahali. Sehemu moja tu ilikuwa tambarare na safi. Akamlaza kwenye vigae vya bluu.

Mama Anosisye alifika kwa fimbo, akiteta na kila jiwe njiani. Walimgeuza mtoto ubavu, wakamsugua mgongo, wakampungia hewa kwa kanga. Tupokigwe aliona yote kutoka kizingitini na hakuweza kuinuka. Aliona mwanawe amelala juu ya baba yake, na ukungu unapita juu yao wote wawili, na midomo ya Debora haina kazi inayofanya.

Kisha mtoto akatapika. Kisha akakohoa, vyovyote tu, bila mpangilio, kama mtu yeyote mwenye kikohozi chake. Tupokigwe akaanza kulia kwa sauti.

"Wewe mwanamke!" Jotham alikuwa anatetemeka, na hasira ndiyo nguo pekee aliyopata ya kuvaa. "Umeziba nyumba namna hii na mkaa ndani! Ulikuwa unamficha nani?"

"Nilikuwa nawazuia."

"Unamzuia nani?"

"Ninyi."

Manyunyu yaligonga majani ya migomba. Jotham alimtazama Mama Anosisye, akatazama viatu vyake mwenyewe.

"Yule mtoto wangu Tuntufye," Mama Anosisye alisema mwishowe, "siku tunamsika, gali la Abulahamu lilipita balabalani. Alikaa dilishani. Alituona na jenesa. Akapunga mkono." Aliinua mkono wake mkavu, akapunga kidogo, kama mtu anayemuaga msafiri. "Alipunga, mwali. Nikasema maneno. Nilisema jikoni, nilisema kwenye chai, nilisema mpaka mdomo ukakauka. Lakini nilimsema yeye. Mtoto huyu sijamsema. Hata siku moja."

"Na mimi, mama? Mimi mmenisema?"

"Wewe tunakusema kila wiki," Jotham alijibu upesi. "Ila ni kwa maringo tu, si kwa kukuua."

Mama Anosisye aliomba maji. Jotham akachota kwenye pipa la mvua. Yule mzee akajaza mdomo, akageukia mlango uliokuwa wazi, akayapuliza nje yote, fyuu, matone yakaangukia kizingiti na magoti ya Tupokigwe. Zamani ndivyo watu walivyotoa kilichokuwa kimekaa ndani yao. Akampa kikombe Jotham, naye Mkristo safi kabisa, mzee wa kanisa, akapuliza bila kuulizwa mara mbili. Tupokigwe akapokea cha mwisho. Alikuwa na mengi. Alirudia mpaka kikombe kikaisha.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka kama yanavyokwenda yakishasemwa. Debora alilazwa hospitali mpaka kichwa kilipomwacha. Alipotoka, iliamuliwa atalala kwa Mama Anosisye, huko juu, mpaka mvua zirudi. Jotham alisema tanuri lake halitawashwa mpaka apate watu wa kumsaidia kulihamishia nyuma ya mgongo wa ardhi, moshi wake usishukie bondeni, na kwamba huo ni mwaka mzima wa mateso, na kwamba wote washuhudie jinsi anavyoonewa. Tupokigwe naye alitoa la kwake: msiba ukitokea apigiwe simu, atashuka kwenye gari hata akiwa amefika Uyole, mlangoni mwa Mbeya.

"Na wewe ulale kwangu," Mama Anosisye alimwambia. "Kitanda kipo. Cha Tuntufye."

Tupokigwe alikuwa anatazama chini, upande wa vigae.

"Nimwache peke yake humo?"

"Yeye amesamalisa kupumua, mwali. Wewe bado."

Akahamia juu. Jioni yake ya kwanza alikaa kwenye kigogo mlangoni, Debora kati ya magoti yake na ile dawa ya kuvuta mkononi, na kwa mara ya kwanza akaliona bonde likijaa. Siku zote alikuwa ndani yake au analikuta limeshajaa. Sasa aliona uzi mmoja wa moshi ukitoka jiko la mwalimu mmoja, ukapinda, ukateremka. Mwingine ukafuata. Zikaungana juu ya kijito, zikatulia, zikaanza kupanda ukutani: dirisha likazama, mlango ukazama, bati likabaki kidogo kama mgongo wa ng'ombe mtoni. Kisha bati nalo likaondoka. Huko juu walipokaa, hewa ilikuwa na harufu ya majani tu.

"Mama," Debora alisema. "Baba anakohoa."

Tupokigwe alitaka kumwambia anyamaze. Lakini alimwona Jotham, aliyekuwa anabeba matofali kuyapeleka upande wa pili, amesimama katikati ya njia na tofali kwenye kila mkono, uso umegeukia bondeni. Alisimama hivyo muda mrefu kuliko mtu anavyosimama kupumzika.

"Kaa na bibi," Tupokigwe alisema.

Alijifunga kitenge puani, akawasha taa ya simu, akateremka. Kufika katikati ya mteremko, taa ikawa inaangaza weupe tu. Alikwenda kwa miguu inayoijua njia. Alifika mlangoni, akafungua. Aling'oa nailoni madirishani. Alipanda juu ya meza akavuta viroba kutoka kwenye matundu, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho, na kila alipovuta alisikia nyumba ikipitisha hewa. Macho yalimtoka machozi. Kifua kilianza kumkaba.

Alipotoka alisimama karibu na vigae. Hakuviona, aliviona kwa mguu tu.

"Pita," alisema. "Kumefunguliwa."

Akasubiri kidogo, kama mtu anavyompisha mwingine kizingitini. Kisha akapanda, anakohoa, na mlango akauacha wazi.